Mkimbiaji na Mkimbizi: Kumsoma Naomi Benaron kwa Kiswahili

Mgeni anayefika Kiyovu kwa mara ya kwanza huuliza hoteli. Hatafuti pa kulala. Anataka kuonyeshwa "ile ya kwenye filamu". Hôtel des Mille Collines iko mtaani kwetu, na nimekwisha kuulizwa njia ya kwenda huko mara nyingi kiasi kwamba naanza kunyoosha mkono kabla swali halijaisha. Filamu yenyewe, Hotel Rwanda ya mwaka 2004, sehemu yake kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na baadhi ya watu walionusurika ndani ya hoteli hiyo wamepinga hadharani jinsi ilivyowasimulia. Hayo mgeni hayajui. Anakuja na Kiyovu yake kichwani, nami niishiye hapa nabaki kumwelekeza aifikie hadithi iliyotungwa na watu wengine.

Naanza na hoteli ili msomaji ajue niliichukua riwaya ya Naomi Benaron, Running the Rift, kwa shingo upande. Mwanamke Mmarekani, anayekaa Arizona, ameandika kurasa zaidi ya mia tatu juu ya kijana wa Cyangugu na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Nilijua nitakachokikuta. Nilikuwa nimeshatunga hata kichwa cha insha, na hakikuwa hiki.

Katika semina yetu suala hili lilizua mabishano. Mwalimu mmoja alishikilia kwamba msiba wa watu husimuliwa na wafiwa, na mpita njia akiingia matangani hukaa kimya akasikiliza. Mwanafunzi mwenzangu akajibu kwamba kwa kanuni hiyo nusu ya rafu ya maktaba ingetupwa: Boubacar Boris Diop, Msenegali, aliandika Murambi, Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire akaandika kitabu chake cha safari ya Rwanda, vyote vilitoka mwaka 2000, kutokana na mradi uliowaleta waandishi wa Kiafrika hapa mwaka 1998. Mwalimu akasema hao ni majirani. Mwenzangu akauliza kutoka Dakar hadi Kigali ni kilomita ngapi. Tukacheka, kipindi kikaisha, na swali likabaki palepale. Katika makala haya silijibu kwa kanuni. Nalijibu kwa kitabu kimoja, na kwa namna ambayo mimi na mtu mwingine tulikisoma.

Kwanza mtunzi. Benaron hakuanzia katika fasihi. Alisomea sayansi ya dunia, yaani miamba na mitetemeko yake, kabla ya kugeukia uandishi, na ni mwanariadha wa triathloni: kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo. Rwanda alianza kuja miaka ya mwanzo ya 2000, akarudi tena. Kabla ya riwaya alikuwa ametoa mkusanyiko wa hadithi fupi, Love Letters from a Fat Man. Mswada wa Running the Rift ulipata Tuzo ya Bellwether ya mwaka 2010, na kitabu kikatoka Januari 2012. Hayo mawili ya mwanzo, miamba na mbio, nayataja kwa makusudi, kwa sababu kitabu kizima kimejengwa juu yake. Mengine ya maisha yake hayatusaidii sana hapa.

Tuzo hiyo nayo inahitaji maelezo kidogo. Iliasisiwa mwaka 2000 na Barbara Kingsolver, mtunzi mwingine wa kike wa Kimarekani, ambaye utotoni aliishi Kongo kwa muda na baadaye akaandika The Poisonwood Bible (1998). Hutolewa kwa mswada ambao haujachapishwa, na sharti lake ni kwamba riwaya ishughulikie haki katika jamii. Kwa hiyo kitabu cha Benaron kilizaliwa katika nyumba inayotaka riwaya ifanye kazi, imshawishi mtu, imfumbue macho. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa wala kubeza. Tumelelewa na riwaya za enzi ya Azimio la Arusha ambazo dhamira yake ungeweza kuisoma kwenye jalada. Ila tunajua pia, kwa uzoefu huohuo, mahali ambapo riwaya ya namna hiyo huvuja: pale wahusika wanapoacha kuzungumza wao kwa wao na kuanza kuzungumza na msomaji.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Jean Patrick Nkuba ni mtoto wa mwalimu huko Cyangugu, kando ya Ziwa Kivu. Inkuba kwa Kinyarwanda ni radi. Mwaka 1984 baba anafariki katika ajali ya gari, na familia inahamia kwa mjomba, mvuvi. Kijana ana kipaji cha mbio za mita 800 na ana akili ya hesabu. Vyote viwili vinampeleka Butare, chuo kikuu, chini ya kocha anayeota kumfikisha kwenye Olimpiki. Kaka yake, Roger, anaondoka kujiunga na wapiganaji wa RPF. Yeye anampenda Bea, binti wa mwandishi wa habari anayeikosoa serikali. Kwa kuwa ni Mtutsi katika nchi ya viwango na vitambulisho, kocha anampatia kitambulisho kinachosema ni Mhutu. Halafu unafika mwezi Aprili 1994. Mwisho sitausema, maana kuna watakaokisoma.

Sasa namna tulivyokisoma. Naishi na shangazi yangu katika vyumba vya uani vya nyumba moja ya Kiyovu. Yeye ndiye mpishi wa nyumba ile. (Watu wakisikia "Kiyovu" hudhani utajiri. Palikuwa na Kiyovu cy'abakene pia, Kiyovu ya maskini, ambayo haipo tena, na hata katika Kiyovu iliyobaki kila nyumba kubwa ina mlango wa nyuma.) Shangazi alibebwa mgongoni kutoka Rwanda akiwa mdogo, akakulia Mwesi, kule Mpanda, katika makazi ya wakimbizi, akarudi hapa mwaka 1996. Kiingereza hakijui. Kiswahili ndicho anachohesabia fedha na kuotea ndoto. Usiku mmoja alinikuta nacheka peke yangu juu ya kitabu, akataka kujua kinachekesha nini. Nikaanza kumsomea, nikitafsiri papo kwa papo. Tukaendelea hivyo karibu miezi miwili, baada ya vyombo kuoshwa.

Jambo la kwanza lililotokea sikulitarajia. Benaron ana tabia, ambayo waandishi wengi wa Magharibi wanayo wanapoandika Afrika, ya kutumia neno la Kinyarwanda la salamu, chakula au nguo na kisha kulieleza kwa Kiingereza. Ukisoma kwa Kiingereza ukiwa Kigali unajisikia mgeni kwenye meza yako mwenyewe: unaelezwa ugali ni nini huku umeushika mkononi. Hili ndilo nililokuwa nikilicheka usiku ule. Lakini nilipoanza kutafsiri, maelezo yale yakaanguka yenyewe. Ubugali ni ugali. Umuzungu ni mzungu. Igitenge ni kitenge. Hakuna cha kueleza, na sentensi inayoeleza inageuka upuuzi mdomoni, unairuka bila kufikiri. Kufikia sura ya tatu nilikuwa nimeacha nje labda sentensi moja katika kila ukurasa, na riwaya ikawa imepungua uzito kama mwanariadha aliyevua koti.

Kwa mhakiki hili si jambo dogo. Nilidhani maelezo yale yalikuwa dalili ya ugonjwa wa ndani, kwamba mtunzi haijui nchi na anajificha nyuma ya kamusi. Kumbe yalikuwa ada aliyolipa kwa msomaji wake wa Kimarekani. Yakiondoka, kilichobaki ndicho cha kupimwa, na kilichobaki kinasimama kuliko nilivyotaka kisimame.

Kinachosimama zaidi ni mbio. Sijui riwaya nyingine ya ukanda wetu inayojua mwili unaokimbia kiasi hiki. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja, na wanaoijua husema si mbio za kasi wala si za stamina: ni mbio za kuamua. Ukimaliza mzunguko wa kwanza kwa pupa, wa pili utakulipisha. Ukijibana mno, umeachwa. Jean Patrick anahesabu kila kitu, hatua, pumzi, sekunde, na Benaron anatufanya tuone kwamba hesabu hiyo ndiyo njia yake ya kutotazama pembeni. Kijana anayejua muda wake hadi sehemu ya sekunde hajui, au hataki kujua, miaka mingapi imebaki nchini. Mauaji yanachelewa kufika kitabuni. Sehemu kubwa ya riwaya ni miaka kumi ya kabla. Wako waliolalamika juu ya hilo. Mimi naliona ndilo chaguo bora la kifani katika kitabu. Msomaji anajua tarehe, mhusika hajui, na kila rekodi anayoivunja inamsogeza karibu nayo.

Shangazi hakujali rekodi. Alichokitaka ni kujua Jean Patrick anakimbia kutoka kwa nani. Niliposema hakimbii kutoka kwa mtu, anakimbia tu, michezo, alinitazama kama mtoto asiye na akili. Hapo ndipo niligundua Kiswahili kilikuwa kinanifanyia jambo ambalo Kiingereza hakikumfanyia mtunzi. Kinyarwanda hutenganisha: kwiruka ni mbio, guhunga ni kutoroka hatari, na atorokaye ni impunzi. Kiswahili huweka vyote ndani ya kitenzi kimoja. Kukimbia ni kwa uwanjani na kwa msituni pia. Tunatofautisha kwa kiambishi cha mwisho tu: mkimbiaji, mkimbizi. Kila nilipotamka "Jean Patrick anakimbia" shangazi alisikia maana mbili, na kwa miaka yote aliyoishi Mwesi maana ya pili ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Na hiyo ndiyo riwaya. Mhusika anayeanza kama mkimbiaji analazimika, mauaji yanapoanza, kuwa mkimbizi. Miguu ileile, mapafu yaleyale. Benaron amejenga mageuzi hayo kwa mamia ya kurasa. Lugha yetu inayabeba katika silabi moja. Sisemi hivi kujisifia lugha, ingawa najua mashabiki wa Kiswahili wenzangu watafurahi. Nasema kwa sababu linaonyesha kwamba alichokijenga kipo kweli: kama kisingekuwepo kwenye kitabu, tafsiri isingekuwa na cha kukamata.

Kichwa cha kitabu kina tatizo zaidi. "Rift" ni bonde la ufa. Ziwa Kivu limelala katika mkono wa magharibi wa bonde hilo, ambako ardhi inavutwa pande mbili kwa milimita chache kwa mwaka. Mtunzi aliyesomea miamba hawezi kuacha sitiari kama hii ipite. Akampa kijana wake mwalimu wa jiolojia kutoka Marekani, Jonathan, na nchi inayopasuka chini ya miguu. Sitiari ni nzuri, na kwa sababu hiyohiyo inanitia wasiwasi. Ufa wa mwamba hauna aliyeupanga. Tetemeko halina orodha ya majina. Mauaji ya 1994 yalikuwa na vyote: yalikuwa na redio, RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, yalikuwa na vizuizi barabarani, na vitambulisho vyenye kabila ambavyo Wabelgiji walivianzisha miaka ya 1930 na serikali huru ikaviweka. Ukisema nchi ilipasuka, umemwondoa aliyeshika nyundo.

Hapa tena tafsiri ilinisukuma mahali ambapo sikupanga kwenda. Msomaji wa Kiswahili akisikia "ufa" hasikii jiolojia. Anasikia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa methali una mwenye nyumba. Kuna mtu aliuona, akapaswa kuuziba, hakuuziba, au alikuwa akiuchimba usiku. Nilipoirudia riwaya kwa masikio hayo niliona kwamba Benaron naye, sitiari yake kando, anajua hili. Ushahidi ni kocha.

Kocha ndiye mhusika bora wa kitabu, kwa maoni yangu, bora kuliko Jean Patrick, ambaye wakati mwingine ni mwema hadi kuchosha. Huyu ni mtu wa utawala. Anampenda kijana, hilo halina shaka. Anamfundisha na kumlinda. Kitambulisho cha uongo anachompa ni ngao, na ni mnyororo pia. Kwa kukipokea Jean Patrick anapata kukimbia, na serikali inapata kijana wa kuonyesha wageni. Mtunzi hatuambii wema unaishia wapi na njama inaanzia wapi, na nadhani ni kwa sababu ndani ya mtu huyo mpaka huo haupo. Shangazi alimchukia tangu siku ya kwanza. Lakini kila jioni aliuliza, "Yule kocha amefanya nini leo?" Jean Patrick hakumuulizia.

Upande wa pili wa mizani kuna mazungumzo. Kila tunapoingia nyumbani kwa baba yake Bea, nilijua kurasa mbili tatu zijazo ni somo la historia lililogawanywa kwa alama za kunukuu. Jonathan naye yupo ili kuwe na mtu wa kuelezwa. Maelezo ya aina hii tafsiri haiwezi kuyaondoa kama ilivyoondoa ugali, kwa sababu yameshonwa kwenye msuko. Hapo ndipo nyumba ya Bellwether inaponekana, na hapo ndipo shangazi alikuwa akisinzia. Nilimwamsha mara moja akasema, "Hao wanasema vitu wanavyovijua wote." Nimesoma uhakiki mrefu wa usemezano katika riwaya ambao haukusema zaidi ya hapo.

Ingekuwa rahisi sasa kumleta Scholastique Mukasonga na kusema: tazameni, mwenyewe alivyoandika. Notre-Dame du Nil ilitoka mwaka huohuo, 2012, ikapata Tuzo ya Renaudot huko Ufaransa. Nayo ni riwaya ya kabla: shule ya wasichana mlimani, karibu na chanzo cha Nile, yenye kiwango cha wanafunzi wa Kitutsi, ambamo msichana Gloriosa anataka kuivunja pua sanamu ya Bikira Maria kwa kuwa si pua ya Kihutu. Pua hiyo peke yake inafanya kazi ambayo baba yake Bea anaifanya kwa kurasa nyingi. Mukasonga ni mtunzi mkubwa zaidi, sina haja ya kuzunguka. Ana kejeli, na kejeli ni kitu ambacho Benaron, kwa heshima zake zote kwa nchi yetu, hajithubutishi. Mgeni matangani hachezi utani. Anayeruhusiwa ni mtani.

Lakini Mukasonga naye huandika kwa Kifaransa, anaishi Normandy, na humweleza Mfaransa mambo mengi ambayo mtu wa Nyamata hahitaji kuelezwa. Alikimbia nchi mwaka 1973. Mwaka 1994 alikuwa Ufaransa, na ndugu zake wengi mno waliuawa yeye akiwa mbali. Uchungu wake ni wake, hakuna wa kuulinganisha. Ninachosema ni kwamba hata yeye ilimbidi kuyajenga kwa kalamu mambo ambayo hakuyaona kwa macho.

Niliposema hivyo nyumbani, shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hata mimi sikuwepo." Nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nikimtumia kama kipimo cha ukweli wa Benaron, nikimtazama usoni kila aya kuona kama Mmarekani amepatia, kumbe Aprili 1994 shangazi alikuwa Mwesi akisikiliza redio. Cyangugu hajawahi kufika mpaka leo. Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Katika chumba kile cha uani tulikuwa wawili tunaosoma habari za kwetu kupitia kwa mwanamke wa Arizona, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kusema, hapana, haikuwa hivyo. Wanaoweza kusema wapo, baadhi yao mtaa huuhuu, na wengi wao huchagua kutosema. Mwalimu wangu alidai msiba husimuliwa na wafiwa. Hakutuambia tufanye nini pale wafiwa wanaponyamaza na watoto wanapouliza.

Simtetei Benaron kwa hoja hiyo. Ukimya wa wenye msiba si kibali cha mtu kuandika. Kinachomtetea ni kazi yenyewe, pale ilipo nzuri: mzunguko wa pili wa mita 800, na kocha mlangoni na kitambulisho mkononi. Pale ilipo mbaya haimtetei. Na nikiulizwa kama itafsiriwe kwa Kiswahili kwa ukamilifu, ichapishwe, iwekwe mikononi mwa wanafunzi wa sekondari hapa, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017 na vitabu vyake bado ni vya kutafuta kwa tochi, nasema ndiyo, kwa sharti kwamba mfasiri awe na mkasi. Wamkute pia kijana wa mita 800. Watu wachache wanakumbuka kwamba nishani ya kwanza ya Rwanda katika Paralimpiki, ile ya shaba ya Athens mwaka 2004, Jean de Dieu Nkundabera aliipata katika mbio hizohizo.

Jioni ya mwisho tulifika mahali ambapo Jean Patrick anaondoka. Nikasoma, "akakimbia." Shangazi akainua mkono nisimame.

"Kama mwanariadha au kama sisi?"

Nilirudi kwenye ukurasa wa Kiingereza, nikausoma mara mbili. Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi acha hivyohivyo," akasema, akaenda kuzima jiko.